Mweria wa Ghorofa ya Tatu

Siku mamangu aliponikanda kwa mafuta ya nazi, nilipiga yowe mpaka jirani yetu hapa Mtopanga akaja mbio na mwiko mkononi, akidhani tumevamiwa. Mama alikuwa ametoka Kaloleni asubuhi ile na chupa yake ya mafuta. Aliyapasha moto jikoni, akanilaza juu ya mkeka kama alivyonilaza nilipojifungua mtoto wa kwanza. Kidole gumba chake kiliponigusa bega, roho ilitaka kutoka. "Sijaanza kukukanda," akasema. "Nimekugusa tu." Akaniangalia kwa jicho la shaka. Mwanamke mzima, kila siku nainua magodoro ya hoteli, halafu napiga kelele kwa kuguswa na mama mzazi!

Nikamkasirikia. Hasira zangu ziko karibu, sifichi. Nikamwambia kama amekuja kuniua angetuma salamu kwanza, nijiandae. Alifunika chupa yake, akanipikia uji ambao sikuuomba, maana mgonjwa haulizwi uji, akakaa pembeni kunitazama nikinywa.

Wakati huo sikujua ninaumwa na nini. Maumivu yalikuwa yanahama. Leo yako shingoni, kesho kwenye nyonga, keshokutwa mikono yote miwili mpaka kwenye vidole. Nalala usiku mzima, naamka nimechoka kama mtu aliyetoka kulima. Zahanati walinipima malaria, wakanipima homa ya matumbo, wakachukua damu na mkojo, na kila mara jibu lilikuwa lilelile: "Mama, uko sawa." Nikaanza kulichukia neno hilo, sawa. Kanisani wazee walinizunguka wakaniwekea mikono, mabegani, kichwani, mgongoni, wakaomba kwa nguvu zote, na mimi nikawa naomba kimoyomoyo wamalize haraka. Machozi yaliponibubujika wakasema Roho ameshuka. Kumbe lilikuwa bega.

Kazi yangu ni usafi wa vyumba katika hoteli moja ya Shanzu. Tulikuwa wanawake wanne ghorofa ya tatu, na sheria ilikuwa kila mtu na vyumba vyake. Vyumba vyako, lawama zako. Na kutandika kitanda cha hoteli si kama kutandika cha nyumbani, nisikilize. Unainua pembe ya godoro kwa mkono mmoja, unachomeka shuka kwa mkono wa pili, unalivuta mpaka lisibaki na kunjo hata moja, halafu unazunguka upande wa pili uanze upya. Ukimaliza kitanda unapiga magoti bafuni kusugua vigae. Ukitoka bafuni umelowa jasho, kiyoyozi kinakupuliza mgongoni. Kwa mwenzangu ile ni raha. Kwangu ilikuwa sindano.

Na akili nayo ilianza kunitoroka. Naingia chumbani nasahau nimefuata nini. Siku moja nilifunga chumba cha mgeni nikashuka chini kwa maringo yangu yote, toroli langu nimeliacha ndani, limesimama katikati ya chumba na mifagio yake kama mgeni aliyelipa. Mgeni aliporudi kutoka ufukweni akalikuta, akaenda kulalamika mapokezi.

Supavaiza wetu ni mama wa Mji wa Kale, wa zile familia za zamani, na maneno yake ni asali. Hapayuki. Ukikosea anakuita "mwanangu", na hapo ndipo unapojua kwamba umekwisha. Siku ya toroli aliniita ofisini.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Keti." Nikaketi. "Mimi nakupenda, wallahi. Lakini Pasaka ikipita wageni wanapungua, hoteli itafunga upande mmoja, na kila ghorofa itapunguzwa watu. Tafadhali usinipe sababu."

Nilitoka pale nikipiga hesabu ya nyumbani. Mume wangu ni kibarua wa bandarini, siku kazi ipo, siku haipo. Watoto wawili wako shule. Kazi yangu ndiyo iliyokuwa imeshikilia paa letu, na ukiachishwa kazi Shanzu nzima itajua kwa nini. Nani atamwajiri msafishaji ambaye mwili wake unauma akiguswa na mamake? Basi nikaamua kuficha. Nikawa nameza vidonge vya maumivu asubuhi na mchana, naenda kazini natabasamu kama bibi harusi.

Lakini jambo moja halikufichika, nalo ni salamu. Hapa kwetu Pwani salamu ni mkono, tena si kugusana vidole. Unaushika mkono wa mwenzio, unautikisa, unaulizia watoto, unaulizia mgonjwa wa juzi, na muda wote huo bado umeushika. Mimi asubuhi vidole vyangu vilikuwa havitaki hata kushika kikombe. Nikaanza kusalimia kwa mbali, nikijifanya nimebeba mataulo, au mikono imelowa. Watu si wajinga. Baada ya wiki chache wenzangu wakanipa jina: Malkia.

Aliyelianzisha alikuwa yule mwenzetu wa bara, mwanamke mkubwa, mcheshi, mwenye sauti ya kuita ng'ombe. "Pisheni njia, Malkia anapita!" anasema nikifungua mlango wa stoo. Yule binti wa Likoni, mdogo wetu, anaficha kicheko kwenye foronya. Mama wa Rabai, aliyetupita sisi sote kwa umri, hakucheka, lakini hakunitetea pia. Iliniuma kuliko bega. Mtu akikwambia mvivu unaweza kumwonyesha kazi. Akikwambia unaringa, utamwonyesha nini?

Zahanati ilipochoka nami ikanituma hospitali kubwa, na huko nikakutana na daktari mmoja kijana, ndevu ndiyo kwanza zinaota. Nikajiambia leo nimepewa mwanafunzi. Akanisikiliza bila kuandika. Halafu akaanza kunibonyeza, shingo, mabega, viwiko, magoti, na alipofika karibu na nyonga nilimrushia mkono, ukamkosa kidogo tu. Hakukasirika.

"Ndivyo nilivyotarajia," akasema, akaniambia jina la ugonjwa: fibromyalgia. Akanifanya nilitamke mpaka likakaa mdomoni. Akasema hauonekani kwenye damu wala kwenye picha, ndiyo maana nimezungushwa, lakini upo. Kazi ya mishipa ya fahamu ni kutuambia panapouma, na yangu imezoea kupiga kelele hata pasipo na jeraha.

Nililia mbele ya kijana yule bila aibu. Si kwa huzuni. Nilikuwa nimeanza kuamini kwamba ninajidanganya, kwamba pengine kweli mimi ni mvivu, kwamba pengine nimerogwa, na sasa mtu aliyesoma ananiambia sina wazimu. Nikamuuliza dawa. Akasema ya kuumaliza hakuna, ila kuna ya kunisaidia usingizi uwe usingizi kweli, na mengine yote yatatoka kwangu mwenyewe.

"Kazi niache?"

"Usiache. Mwili ukilala kabisa utazidi kukaza. Lakini usifanye jambo moja kwa muda mrefu. Changanya kazi. Na upumzike kabla hujachoka, si baada."

Nikacheka na machozi yangu. "Daktari, umewahi kufanya kazi hotelini wewe?"

Nyumbani mama alilisikia lile jina, akakunja uso. "Refu hivyo? Huo ni ugonjwa wa watu wenye nafasi." Lakini aliposikia kwamba kukandwa kwa nguvu si dawa yake, aliinamisha kichwa, akasema polepole, "Basi siku ile nilikuumiza, mwanangu." Akataka nimwahidi kwamba nitawaambia wenzangu kazini. "Mficha maradhi kifo humuumbua," akasema. Nikamwahidi ili anyamaze. Nilikuwa sina nia yoyote ya kusema.

Nilisema kwa hasira, si kwa hiari. Tulikuwa stooni asubuhi, tunapanga sabuni na mataulo kwenye matoroli. Usiku ule nilikuwa nimelala vibaya, hata nguo ilikuwa inaniuma mwilini. Yule wa bara akaingia na kelele zake, "Malkia! Leo hutusalimii?" akanipiga kofi la begani, kofi la mapenzi, lile la kumwamsha mwenzio.

Lo! Mataulo yakaruka huku na huku. Nikapiga kelele, kisha nikageuka na ulimi wangu wote. "Niacheni! Mnafikiri naringa? Mnafikiri mikono yangu ni ya dhahabu? Nyinyi mnaamka mkiwa wazima, mimi naamka nikiwa nimevunjwa vunjwa, na bado natandika vitanda sawa na nyinyi! Adhabu ya kaburi aijua maiti!" Nikawamwagia yote, daktari, jina lile refu, sindano za kiyoyozi, vidole asubuhi, hofu ya Pasaka. Nilipomaliza nikaona nimejichimbia kaburi. Watu watatu sasa wanajua siri yangu, na kila mmoja wao anaogopa kupunguzwa kama mimi.

Binti wa Likoni aliokota mataulo, akayakunja tena. Yule wa bara alikuwa ameshika mkono wake uliopiga kama umeungua. "Aki mimi sikujua," akasema. "Woiye, si ungesema tu?"

Mama wa Rabai ndiye aliyeuliza swali la maana. "Kufuta vioo kunakuuma?"

"Kidogo. Si kama kuinua godoro."

"Kupangusa vumbi? Kukunja mataulo?"

"Hayo naweza, mradi nisifanye moja tu siku nzima."

Akafikiri. "Kwenu Kaloleni hakuna mweria?"

Nani mtoto wa Kigiriama asiyejua mweria? Kijijini watu wanakusanyika wanalima shamba la mmoja wao, kesho wanahamia la mwingine, keshokutwa la tatu, mpaka mashamba yote yameisha. Mwenye shamba anapika. Na mwenye shamba akiwa mgonjwa, shamba lake ndilo linaloanza, kabla magugu hayajalishinda. Yeye anakaa anachagua mbegu, au anashika mtoto wa mwenzake. Hapewi sadaka, maana zamu ya kila mtu itafika.

"Basi," akasema mama wa Rabai, "leo tunaanzia vyumba vyako."

Yule wa bara alikuwa hajui mweria ni nini, akaelezwa, akasema kwao pia ipo ila wanaiita kwa jina lao. Tukaingia chumba cha kwanza wote wanne. Yeye na binti wa Likoni wakashika kitanda, mmoja huku mmoja huku, na godoro likainuka kama mto. Mama wa Rabai akaingia bafuni. Mimi vumbi, kisha vioo, kisha chai na sukari za mgeni, kisha nikakagua nyuma yao: unywele kwenye sinki, soksi chini ya kitanda, taa isiyowaka. Kufika chumba cha tatu mwili wangu ukashangaa. Ulikuwa unauma, ndiyo, lakini haukuwa unalia. Nikajibanza bafuni nikafuta macho kwa taulo la hoteli.

Na mimi nililipa, msidhani nilikaa kama mgonjwa wa kifalme. Asubuhi nilibeba mihogo ya kuchemsha na chatini ya ukwaju, kwa maana mweria bila chakula ni kibarua. Zaidi ya hapo, nilipewa wageni wakorofi. Miaka ya Shanzu imenipa Kijerumani kibovu kinachotosha kugombana. Kulikuwa na mzee mmoja mrefu aliyelalamikia kila kitu, mto mgumu, mto laini, ndege wanaoimba mapema, na wenzangu walikuwa wanamkimbia kama nyuki. Sasa wakimwona wananiita mimi. Nikamsikiliza, nikamjibu, naye akaanza kunisalimia kila asubuhi kwa kuinama kichwa tu, bila kunipa mkono. Nikampenda kwa hilo.

Haikuwa peponi. Siku nyingine tulichelewa, tukalaumiana. Binti wa Likoni akikwama kivukoni tunaanza watatu, na yule wa bara ananung'unika kwamba mgongo wake si wa serikali. Kuna asubuhi niliamka nikashindwa hata kufunga vifungo vya sare, mume wangu akanifungia. Lakini nilienda. Mtu akijua kuna watu wanamngoja, miguu hupata adabu.

Lakini tulikuwa tumevunja sheria ya hoteli, na Pasaka ilipokaribia supavaiza akatufuma. Tulikuwa wanne ndani ya chumba kimoja, mama wa Rabai anaimba wimbo wa kulimia na sisi tunaitikia, hata yule wa bara anaitikia maneno asiyoyaelewa. Mlango ukafunguka.

"Hii ni hoteli," akauliza kwa sauti yake ya asali, "au ni matangani?"

Niliwaona wenzangu wanavyotazama sakafu, nikajua wote wanne tunaweza kutoka kwa ajili yangu. Nikasema. Sikulia mara hii, wala sikupiga kelele. Nikamwambia ninaumwa, unaitwa hivi, hauponi, lakini hauniui, na kwamba hawa wamenibeba na mimi nimewabeba. "Ukitafuta mwenye makosa ni mimi. Lakini kabla hujaandika, kagua chumba."

Akakagua. Alipitisha kidole juu ya fremu ya kioo, nyuma ya televisheni, kwenye ukingo wa kichwa cha kitanda. Akainama akatazama uvunguni, na umri wake ule. Akasimama. "Kesho nitawaita mmoja mmoja," akasema, akaondoka.

Kesho yake akaanza na mama wa Rabai, akafuata binti wa Likoni, akafuata yule wa bara. Kila mmoja alirudi uso umefungwa, hanitazami. Niliitwa wa mwisho.

"Mwanangu, ghorofa ya tatu inabaki na nafasi tatu. Nimewauliza wenzako, na sasa nakuuliza wewe. Nani aondoke?"

Hasira ikanipanda mpaka masikioni. Swali gani hilo la kumuuliza mtu? "Mama, kwa nini unanizungusha? Mgonjwa ni mimi. Niandike mimi, hao waache."

Akavua miwani, akaifuta kwa buibui lake taratibu mno. "Wote watatu wameniambia neno moja. Wanasema nafasi tatu zigawanywe kwa watu wanne. Mtafanya kazi kwa zamu, watatu wanaingia, mmoja anapumzika, na mshahara mtagawana. Hoteli haipotezi kitu, nimeshauliza. Na wageni hawajanilalamikia ghorofa ile tangu lile toroli lako." Akavaa miwani. "Siku yako ya kupumzika wanataka iangukie katikati ya wiki. Wanasema ndiyo inayokufaa."

Kila mmoja wao ana watoto, ana kodi ya nyumba, ana wazazi wanaongoja simu yake. Walikuwa wamekata katika chakula chao wakanipa, na hata siku yangu ya kupumzika walikuwa wameshaifikiria. Nilimshukuru supavaiza, nikapanda juu.

Wenzangu walikuwa wameshaanza kazi. Yule wa bara alikuwa peke yake kwenye ujia, anapakia mashuka machafu. Aliponiona akaacha.

"Kuna kitu nataka kukwambia," akasema, na sauti yake kubwa ilikuwa ndogo. "Nilikutaja. Aliponiuliza nani aondoke, nilisema wewe. Nilikuwa na watoto kichwani, si unaelewa. Nikatoka, nikafika katikati ya ngazi, miguu ikakataa. Nikarudi nikamwambia afute, nikamwambia lile wazo mama wa Rabai alilotunong'oneza alipotoka."

Nilimtazama. Nikaokota shuka lililodondoka, nikalitia kwenye toroli lake.

"Sema kitu, basi," akasema. "Nitukane. Na wewe ulimtaja nani? Mimi, eh?"

"Nilijitaja mimi."

Macho yakamtoka. "Wewe? Wewe mwenyewe?" Akaweka mikono kiunoni. "Aki wewe ni mjinga sana! Mgonjwa, na mjinga juu! Ningejua utajimaliza mwenyewe, nisingejichosha na zile ngazi!"

Nikaangua kicheko, naye akacheka, tukashikilia ukuta, mimi mbavu zinaniuma kweli kweli na siwezi kuacha. Yule mzee Mjerumani akafungua mlango wake, nywele zimesimama, akauliza kuna nini tena asubuhi yote hii. Nikamwambia kwa Kijerumani changu kibovu kwamba tumepata kazi.